Skrini Tatu na Baba Mkwe

Leo nimeadhirika. Na nimeadhirika nikiwa nimepiga magoti, makalio yakiitazama kamati nzima ya wakulima. Naandika haya nikiwa nimejifungia stoo ya makreti, sitaki kuona mtu. Mnaonijua, someni mpaka mwisho kabla ya kunipigia. (Mashemeji zangu wa Kisondela, ninyi msisome kabisa, nendeni shamba.)

Mnajua kwamba nafanya kazi kwenye kituo cha kupokelea parachichi hapa Tukuyu, upande wa Makandana. Mimi ndiye mtu wa kompyuta. Idara nzima ni mimi. Nilipoajiriwa kwa majaribio niliwaahidi mfumo wa skrini tatu. Ya kwanza anaiangalia karani. Ya pili inamtazama mkulima aliyesimama mbele ya meza. Ya tatu ni ile kubwa ya barazani, ili wanaosubiri foleni nao waone. Kreti likiwekwa kwenye mizani, kilo zinatokea kote kwa pamoja. Zamani mkulima alikuwa anachungulia mizani juu ya bega la karani, halafu anarudi nyumbani akinung'unika kwamba amepunjwa. Sasa kila mtu anaona. Hotuba hii nimeitoa mara nyingi mpaka Sekela, karani wetu, anaijua kwa kichwa.

Leo saa nne asubuhi kamati ya wakulima ilikuwa inakuja kuukagua huo mfumo. Wakiupitisha, napata mkataba wa kudumu. Wakiukataa, skrini zinarudi dukani na mimi narudi nyumbani kuchuma chai. Meneja alinieleza hivyo hivyo, bila kupaka mafuta. Usiku sikulala vizuri. Saa kumi na mbili nilikuwa njiani, mvua inanyesha, nimevaa masweta mawili.

Nafika, nawasha. Skrini zinapepesa!

Zote tatu. Zinawaka, zinazima, zinawaka. Zinatulia dakika kumi, nikianza kumshukuru Mungu zinapepesa tena. Fikiria mkulima kasimama pale, anaona kilo arobaini, skrini inazima, ikirudi hana uhakika kama ni zile zile. Hapo huna mfumo. Hapo una ugomvi.

Nikaanza kazi. Nikabadilisha nyaya. Nikaona skrini moja imewekwa ijichore mara sitini kwa sekunde na nyingine sabini na tano, nikazilinganisha. Nikaweka upya programu ya kadi ya picha. Nikazima, nikawasha. Nikaingia chini ya meza, nikachomoa kile kidude kinachogawa picha kwenda skrini zote, nikakipuliza vumbi, nikakirudisha. Nikatoka. Nikaingia tena. Nilikuwa siwezi kutulia sehemu moja. Sekela alikuwa ananiangalia kwa huruma huku anachemsha maji ya chai.

"Dada Rehema, kunywa chai kwanza. Unanizungusha kichwa."

"Sitaki chai, Sekela! Nataka skrini!"

"Basi nachemsha yangu."

Akabonyeza birika la umeme. Tii! Skrini zikapepesa.

Nikamwangalia Sekela. Nikaliangalia birika. Nikafuata waya wake kwa macho mpaka ukutani, nikakuta limechomekwa kwenye ekstensheni moja na kompyuta yangu. Na Sekela kwa baridi hii anachemsha maji kila baada ya dakika kumi!

Nikachomoa birika. Tukasubiri. Dakika kumi. Kumi na tano. Ishirini. Kimya, skrini zimetulia. Nilicheza pale katikati ya ofisi. (Ndiyo, nilicheza. Sekela ni shahidi.) Meneja wetu, Bwana Kessy, akaingia kuuliza kumefikia wapi, nami nikamjibu kwa maringo yote niliyonayo: "Bosi, mimi umeme nausikia kwa masikio. Leo hata kwa sekunde moja hazitapepesa."

Kumbukeni hayo maneno. Nilitamka mwenyewe.

Saa nne kasorobo nikasikia sauti za watu barazani. Kamati hiyo. Wajumbe watano, nawajua wote, mwenyekiti wao ni Mama Lusajo, mama mfupi asiyependa kuzungushwa. Nikavuta sweta nikae vizuri. Meneja akatoka kuwapokea. Nikasikia wanasalimiana, "Mugonile, mugonile", halafu nikasikia Mama Lusajo anasema:

"Mwenzetu mmoja amekwenda msibani. Tumemleta mzee huyu wa Kisondela akae nafasi yake."

Na huyo mzee akakohoa.

Jamani, kile kikohozi nakijua. Nakijua kutoka nyuma ya migomba, nakijua kutoka jikoni kwa mama mkwe. Ni baba mkwe wangu!

Sasa kwa msiofahamu. Mimi ni mtu wa Singida, nimeolewa na Mnyakyusa. Huku, kwenye familia zinazoshika mila, mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Hakuna ugomvi, ni heshima. Ukimsikia anakuja unachepuka, unaingia migombani, unasubiri apite. Jina lake hulitaji (hapa mtandaoni pia silitaji, msinitege). Akiwa na neno na wewe, anampa mtu wa tatu akufikishie. Siku hizi wengi wameacha, hasa wa mjini. Baba mkwe wangu hajaacha. Na mimi, kwa kuwa ni wa kuja, naishika mila hiyo kuliko wenye nayo. Miaka mitatu ya ndoa, sura yake naijua kwa picha ya harusi tu, na hata kwenye picha ameangalia pembeni.

Ofisi yetu ina mlango mmoja. Mlango wa nyuma tuliuziba kwa makreti wakati wa msimu. Nilizunguka pale kama kuku aliyeingiliwa bandani. Dirisha lina nondo. Kabati limejaa mafaili. Miguu yao ikawa mlangoni, wanakung'uta matope.

Nikaingia chini ya meza.

Msinicheke bado. Meza yenyewe ni ile ya mbao ya zamani, mbele ina ubao unaoshuka hadi sakafuni. Mtu wa mbele hakuoni. Sekela ni Mnyakyusa, hakuhitaji maelezo. Alivuta kiti, akakaa, akatanua kitenge chake magotini, nikawa nimefunikwa kila upande. Akasema polepole bila kutikisa midomo, "Tulia hapo hapo, dada."

Nilipanga vizuri tu. Watakagua dakika tano, wataenda stoo, nitatoka. Mfumo mzima, skrini zimetulia, mimi wa nini pale?

"Mtaalamu wetu yuko wapi?" meneja akauliza.

Sekela akasema, "Ametoka kidogo."

"Ametoka? Leo?"

Nikatoa simu haraka nimtumie ujumbe kabla hajaanza kunitafuta. Chini ya meza nafasi haipo, ilibidi nijikunje, goti liingie kwenye nyaya, kiwiko ukutani. Nikaandika: *Bosi nimefuata waya wa akiba Kiwira, narudi sasa hivi.* (Mungu anisamehe. Ni uongo wa kwanza. Hesabuni.)

Nikasikia sauti ya Mama Lusajo: "Mbona kioo kimezima?"

Simu ya meneja ikalia. Naye, sijui kwa nini, akausoma ujumbe wangu kwa sauti, mbele ya kamati. "Mtaalamu amefuata waya Kiwira. Anarudi sasa hivi."

"Basi tuendelee," akasema Mama Lusajo. "Wekeni kreti."

Kreti likawekwa. Mizani ikasoma kilo ishirini na mbili nukta nne. Nilisikia wanazisoma kwa pamoja, na aliyekuwa barazani akazisoma naye. Moyo ukatulia kidogo. Mguu wangu wa kushoto, hata hivyo, ulikuwa umeanza kufa ganzi. Nikausogeza.

"Kilo zangu zimeenda wapi?" Mama Lusajo huyo. "Bwana Kessy, kilo zangu zilikuwa hapa!"

"Zinarudi, mama, zinarudi."

Zikarudi. Mimi chini nikaanza kutokwa jasho, na baridi yote ile. Birika nimelichomoa mwenyewe. Nyaya nimebadilisha. Sasa ni nini tena? Akili ya fundi ikawaka. Nikajikunja upya, nikaandika: *Mwambie Sekela azime skrini ya mkulima, ahesabu kumi, awashe.*

Skrini zikapepesa. Simu ya meneja ikalia. Meneja akasoma. Sekela akazima, akahesabu, akawasha. Skrini zikatulia. Nikapumua.

Nikaandika tena, kwa kujiamini: *Umeona? Hiyo ni dawa.* Skrini zikapepesa, meneja akausoma huo nao kwa sauti.

"Dawa gani hii inayoongeza ugonjwa?" akauliza Mama Lusajo, na wajumbe wakacheka. Kicheko kibaya kile, cha watu walioanza kukata tamaa na wewe. Mmoja akasema labda turudi kwenye daftari na macho, daftari halipepesi. Mwenzake akaitikia. Nilisikia kibarua changu kinaondoka kwa miguu yake.

Meneja akanipigia. Simu nilikuwa nimeizima sauti, lakini ile kutetemeka sikuizima. Ilikuwa juu ya sakafu ya mbao. Ikaanza kunguruma, vrrrrr, inatembea yenyewe kuelekea nje ya kitenge! Sekela akapatwa na kifua cha ghafla, akakohoa mpaka akashika meza. Nikaikamata simu, nikaikalia. Ikaendelea kutetemeka chini yangu.

"Inaita tu, hapokei," meneja akawaambia. Kisha akanitumia ujumbe yeye: *REHEMA UKO WAPI. WANAKATAA.*

Nikajibu: *Nimefika darajani.* Uongo wa pili. Kwa kuharakisha nikapiga kichwa kwenye meza.

Skrini zote zikazima. Zikawaka. Zikazima.

"Amefika darajani," meneja akasoma, sauti imemwisha nguvu.

Mvua tu juu ya bati. Halafu nikamsikia baba mkwe wangu anazungumza kwa mara ya kwanza tangu aingie. Taratibu, kama anavyozungumza na ng'ombe wake.

"Meneja, naomba niseme kidogo. Mimi shule niliishia darasa la nne. Vioo hivi sivijui. Lakini nimesimama hapa nasikiliza. Simu yako, kila ikitaka kulia, nasikia wenzangu wanasema kioo kinacheza kwanza. Kinacheza, halafu simu inalia. Huyo anayetuma asipotuma, kioo kinatulia. Sasa mtu aliyeko darajani anatikisaje kioo cha Tukuyu?"

Mimi nikaificha simu ndani ya sweta.

"Na birika naona limechomolewa hapa ukutani," akaendelea, "sasa ni nini kilichokuwa kinanguruma hapo chini?"

Sekela akaangalia dari.

"Sekela, mwanangu. Mlangoni kuna buti za mvua za njano. Mimi ndiye niliyezinunua, mama yake Ambakisye ndiye aliyezipeleka." Ambakisye ni mume wangu. "Nilipoziona nikajua mwenyewe yuko ndani, ndiyo maana tangu niingie naangalia ukuta. Sasa mwambie mke wa Ambakisye kwamba mimi nimeshageuka. Aondoe goti lake kwenye waya, atoke, watu waone kilo zao."

Sijui kama mmewahi kusikia aibu inapanda kutoka kwenye unyayo. Mimi nimeisikia. Ilipitia kwenye ule mguu wenye ganzi.

Sekela akainama, akanong'ona, "Dada, umesikia?" Kana kwamba kuna mtu Makandana nzima hakusikia.

Ubao wa mbele hauna njia, kwa hiyo nilitoka kinyumenyume upande wa kiti. Mguu wa ganzi ukagoma. Nikabaki nusu ndani nusu nje, na kwa kuwa wajumbe walikuwa wamezunguka meza kuja kuona, hiyo nusu ya nje ndiyo niliyowasalimia nayo. Nilipofanikiwa kusimama nilikuwa na utando wa buibui kwenye nywele na stika ya parachichi shavuni. Baba mkwe alikuwa amesimama kwenye kona, uso ukutani kabisa, kofia ameishikilia pembeni ya shavu kama kizuizi cha pili.

Bwana Kessy akaniangalia muda mrefu. Ni mtu mpole, lakini leo sikumlaumu.

"Karibu kutoka darajani," akasema.

Mama Lusajo ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa juu ya kreti la watu. Wengine wakafuata. Mmoja alitoka nje kabisa akachekee mvuani. Nilitamani sakafu ipasuke, halafu nikakumbuka ni mimi niliyekuwa huko chini na hakukusaidia chochote.

Lakini kazi ni kazi. Nikapiga magoti tena (mara hii kwa hiari), nikaangalia kile kidude cha kugawa picha. Asubuhi nilipokichomoa na kukirudisha, sikuzikaza skrubu za waya wake. Haraka ile! Waya ulikuwa umeningʼinia tu, ukiguswa unaachia. Kwa hiyo birika lilikuwa kosa la Sekela, na mengine yote ni yangu. Nikazikaza. Nikautikisa waya kwa mkono mbele yao. Nikaupiga teke. Skrini hazikushtuka.

Ikabaki shida moja. Kamati lazima ione jaribio zima, na mimi ndiye mwenye kuliendesha. Mjumbe mmoja hawezi kugeuka nikiwepo, na mimi siwezi kuwepo akigeuka. Wajumbe wakaanza kushauriana kama ni kikao cha ukoo. Mama Lusajo akasema huyu mzee apige kura bila kuona, mwenyewe akakataa, akasema hawezi kutia kidole kwenye kitu asichokiona. Nikajua nimekwisha. Kura ikikosekana moja, inaahirishwa, na meneja alishasema hakuna kuahirisha.

Baba mkwe akatembea kwa ubavu kufuata ukuta, polepole, hadi mlangoni, akatoka barazani. Tukasikia anaburuta benchi. Anakaa mbele ya ile skrini kubwa, mgongo kwetu.

"Sekela! Mwambie aendelee. Mimi naona kutokea huku."

Likawekwa kreti. Nikabonyeza.

"Kumi na tisa nukta sita!" akaita kutoka nje.

Kumi na tisa nukta sita, ndani pia. Kreti la pili. La tatu. La nne. Yeye anaita kutoka barazani, sisi tunaitika ndani, hakuna aliyemwona mwenzake, na namba ni zile zile kila mara. Katikati ya hapo nikagundua nalia. Sijui ni woga uliokuwa unatoka au ni nini. Miaka mitatu nimekuwa nikimkimbia huyu mzee migombani, leo ndiyo mara ya kwanza tumefanya kazi pamoja.

Kreti la mwisho liliposhuka, akavaa kofia yake. Kisha akasema, bila kugeuka, "Sekela, waambie wenzangu. Mashine hii mimi naipitisha. Nimetafuta siku nyingi namna ya kuona kazi ya mkamwana wangu bila kumwona mwenyewe. Mwambie, ndaga fijo." Yaani asante sana.

Wakanyoosha mikono wote. Hata yule wa daftari.

Mngedhani habari imeishia hapo. Mimi pia nilidhani. Nilikuwa nimeshafuta machozi na stika. Ndipo Sekela, ambaye pia ni katibu wa vikao, akaniletea muhtasari niupitie kabla ya kuubandika ubaoni. Nanukuu kipengele cha tatu, kama kilivyopigwa muhuri:

*Hitilafu: skrini kuzima mara kwa mara. Chanzo: goti la mtaalamu. Chanzo cha goti: mjumbe wa Kisondela. Hatua iliyochukuliwa: mjumbe alitolewa nje, mtaalamu alitolewa chini.*

Nikamwambia Sekela afute. Anasema hawezi, mwenyekiti ameshasaini na nakala zimeshaondoka. Ambakisye amenipigia sasa hivi. Hajasema neno hata moja, amecheka mpaka salio likamwishia.

Kazi nimeipata, jamani. Uso ndio sina, kwa hiyo tafadhali msiniombe picha.